Mshona Kalpak na Kikaragosi Kilichosimama kwa Kichwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Medetbek Asanakunov amepiga magoti mbele ya meza yake ya kazi, sindano mbili amezibana kwa midomo. Juu ya meza kuna kikaragosi cha sufu, urefu wake kama kiganja, kimesimama kwa kichwa na miguu iko hewani. Anakigusa bega kwa ncha ya kidole. Kinageuka kidogo sana, kiasi ambacho mtu aliyesimama mlangoni hawezi kukitambua. Anarudi nyuma, anashika pumzi, anabonyeza simu iliyofungwa kwenye stendi. Kisha anapiga magoti tena.

Kikaragosi kinacheza brekidansi. Kitakapomaliza mzunguko mmoja, jua litakuwa limepanda juu ya paa la jirani na chai itakuwa imepoa.

"Baba Begimai!" mkewe, Sonun, anaita kutoka jikoni. "Wewe na huyo mtu wako wa sufu mtakula saa ngapi?"

"Nakuja."

"Nakuuliza wewe. Yeye namjua, hana tumbo."

Medetbek, ambaye kila mtu humwita Medet, ana miaka arobaini na mitatu. Ni fundi wa kalpak, ile kofia yetu ndefu nyeupe ya sufu. Karakana yake ilikuwa gereji, katika mitaa mipya iliyoota pembezoni mwa Bishkek. Ndani kuna cherehani moja, pasi nzito, magunia ya sufu ya kondoo na harufu ambayo haitoki hata madirisha yakiwa wazi. Kalpak yake moja iliyoshonwa kwa mkono huuzwa som elfu mbili. Mwaka jana mwezi mzuri ulimpa som elfu arobaini. Mwaka huu anapata nusu ya hizo, na sababu yake ndiyo imemfanya akubali kuzungumza na mwandishi, ingawa anazungumza akiwa ameinama.

Kwa miaka miwili amekuwa akitengeneza filamu fupi ya dakika nane. Haina maneno. Vikaragosi vyake vinasogezwa na kupigwa picha, vinasogezwa tena na kupigwa picha tena, na picha hizo zikipitishwa kwa haraka mtu huona dansi. Vijana wanne wa At-Bashy, huko milimani, wanacheza juu ya kipande cha zulia katika ukumbi wa utamaduni usio na moto, miaka ile ambayo viwanda vilifungwa na wazazi walilipwa mishahara kwa unga.

Alichobuni Medet ni sakafu. Chini ya wachezaji ametandaza vipande vya sufu vya rangi mbili, mfano wa mazulia ya mama zetu, na kila picha anavipanga upya. Mchezaji anapozunguka, zile nakshi za pembe za kondoo dume zinafunguka chini yake, zinajikunja, zinakuwa mto, zinakuwa barabara. Sakafu nayo inacheza. Nyuma yake linasikika komuz, lile gambusi la nyuzi tatu, likipigwa kwa kasi ambayo wazee hawajaizoea.

Mmoja wa vijana hao wanne ni yeye. Mwingine ni Tilek, ambaye leo ni dereva wa teksi na anaingia karakanani bila kubisha hodi.

"Bado umembananisha kichwa chini?" Tilek anauliza. "Mwonee huruma, damu itamshuka."

"Usiguse meza."

"Sijagusa."

"Umeiegemea."

"Naegemea hewa, fundi. Hewa ni yako?"

Tilek ndiye aliyekuwa bingwa wa kuzunguka kwa kichwa. Anaonyesha upara mdogo utosini na kusema huo ndio mshahara wa sanaa. Medet anatabasamu kidogo, kisha tabasamu linaondoka kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Sijui nianzie wapi," anasema. Haongei na mwandishi. Anaongea na meza.

Aibu yake ilianzia kwenye tatizo la kazi. Kikaragosi kikisimama kwa miguu hufungwa kwa skrubu inayopita chini ya meza na kuingia kwenye unyayo. Kikisimama kwa kichwa hakina pa kushikilia. Skrubu inabidi ipite utosini, na nati yake inaonekana, inang'aa, na kuharibu kila kitu. Medet alijaribu nta. Alijaribu gundi. Kikaragosi kilianguka kifudifudi kila mara.

"Nikafikiria kalpak," anasema. "Ni ndefu, ndani ina nafasi. Nati inajificha kabisa. Ilikuwa kana kwamba imeshonwa kwa ajili hiyo."

Akashona kalpak ndogo. Hakuishona ovyo kama kofia ya mchezo. Aliikata vipande vinne kwa sheria ileile anayofuata kwa kofia kubwa, sufu nyeupe ya mwanakondoo, ukingo mweusi, nakshi kila upande, na kishada juu. Akaishonea kichwani mwa kikaragosi. Kisha akachukua drili.

Hapa kwetu hakuna asiyejua. Kalpak haiwekwi chini. Hairushwi, haikaliwi, hairukwi. Mtu akilala, kofia yake huwekwa juu kuliko kichwa chake. Na kama kuna mtu anayejua hayo kuliko wengine ni yule anayeishona.

"Kila mteja namwambia," Medet anasema. "Hata wageni wenye kamera shingoni. Namwambia, hii usiiweke chini. Halafu napokea hela yake."

Je, alisahau?

Anaokota kipande cha sufu mezani na kukikunja. Tilek anatazama nje.

"Sikusahau. Nilipoitoboa, mkono ulisita. Nikageuka kuangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja. Ningekuwa sifanyi kosa, ningeangalia mlangoni kwa nini?"

Lakini picha zilitoka nzuri. Hilo nalo analisema kwa aibu, pengine aibu kubwa zaidi. Kazi ya majira yote ya baridi ilizaa sekunde chache ambazo Tilek anaziita "zile zenyewe": kijana mdogo wa sufu anazunguka juu ya kalpak yake, kasi inaongezeka mpaka nakshi za kofia zinakuwa duara moja, na sakafu chini inafunguka kama ua. Waandaaji wa jioni ya filamu za vijana mjini waliziona wakampigia simu siku hiyohiyo. Walisema filamu itaonyeshwa mwezi wa saba.

Mtu akisifiwa hivyo hukosa subira. Tarehe tano Machi, Siku ya Kalpak, watu wanapopiga picha wakiwa wamevaa kofia zao, Medet aliweka kipande kile kwenye ukurasa wake wa kuuzia. Chini yake aliandika: "Heri ya sikukuu, ndugu zangu."

"Nilidhani watacheka kwa furaha," anasema.

Kufika mchana watu maelfu walikuwa wamekitazama. Mmoja aliandika, "Fundi, tuuzie na sakafu." Mwingine akauliza kama bei ya kofia ina punguzo ikiwa imeshafagia sakafu. Hao walikuwa wenye utani. Wengine hawakutania. Familia iliyoagiza kalpak za wakwe kwa ajili ya harusi ilituma ujumbe wa neno moja: "Basi." Katika soko la Osh hapa mjini, mzee mmoja aliweka kalpak aliyoinunua mwezi uliotangulia juu ya meza ya Medet ya kuuzia, taratibu, kwa mikono miwili.

"Hela unirudishie au usinirudishie, shauri yako," mzee alimwambia. "Hii siivai. Sijui ilipita wapi kabla ya kufika kichwani kwangu."

Medet alikifuta kipande kile na kuandika maneno ya kuomba radhi. Lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye simu za watu, na simu za watu zinafika milimani kabla ya basi.

Kilichofuata Medet hawezi kukisimulia. Anasimama, anachota makaa na kuyatia kwenye jiko la karakana ingawa si baridi. Sonun ndiye anayesimulia, akiwa mlangoni na unga kwenye viganja. Kwa heshima ya ukwe hamtaji baba mkwe kwa jina. Anamwita mzee.

Mzee huyo ni Asanakun, mchungaji mstaafu mwenye miaka sabini na minne. Amekuwa akiishi katika nyumba hii tangu ahame milimani, kwa sababu Medet ni mtoto wake wa mwisho wa kiume, na nyumba ya mtoto wa mwisho ndiyo nyumba ya wazazi. Mwezi wa tatu alikwenda At-Bashy kwenye karamu ya kumbukumbu ya rafiki yake aliyefariki. Alipanga kulala siku mbili tu. Alivaa kalpak aliyoshonewa na mwanawe.

"Walikuwa wamekaa wazee watupu," Sonun anasema. "Nyama imeshaletwa. Mmoja akatoa simu. Akamwonyesha mwenzake, mwenzake akamwonyesha mwingine, ikazunguka mezani mpaka ikamfikia mzee. Akaangalia mpaka mwisho. Ndipo yule mwenye simu akamuuliza, 'Vipi, rafiki yangu, mwanao siku hizi anashona kofia au mafagio?'"

"Wakacheka?" mwandishi anauliza.

"Wasingecheka ingekuwa afadhali? Sijui. Walicheka."

Mzee alikula alichokatiwa, akaomba dua pamoja na wengine, akanyanyuka. Nje ya ua alivua kalpak, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya koti. Alitembea hadi nyumbani kwa binti yake, Zuura, akiwa kichwa wazi, mzee wa miaka sabini na minne, siku ya upepo. Tangu siku hiyo anavaa kofia ya kufuma ya mkwe wake. Na hajarudi Bishkek.

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Baba kukaa kwa binti wakati mtoto wake wa mwisho wa kiume yu hai, ana nyumba, na ana chumba kilichotandikwa! Majirani huuliza kwa upole, "Mzee hajambo? Tumemkosa." Sonun huwajibu kwamba amekwenda kubadili hewa. Majirani huitikia kwa kichwa, na hakuna anayeamini.

"Chumba chake nakifagia kila siku," Sonun anasema. "Begimai ananiuliza, mama, unamfagilia nani? Namwambia, nyamaza ule."

Mwezi wa nne Medet alikwenda At-Bashy. Njia nzima alipanga maneno. Alidhani baba atamfokea, na alitamani afokewe. Hakufokewa. Baba alimkaribisha kwa sauti ya upole, akauliza habari za barabara, akamuuliza kama theluji imeyeyuka huko mjini. Kisha akamwambia Zuura amimine chai.

Kwetu chai humiminwa kidogo, chini ya bakuli, ili mgeni amalize haraka na bakuli lirudi mkononi mwa mwenyeji tena na tena. Mtu hapimiwi maji kwa uchoyo. Anapimiwa ili akae.

"Dada akamimina kama kawaida," Medet anasema. "Baba akamwambia, 'Jaza.' Akaongeza. 'Jaza, anasafiri.' Bakuli likajaa mpaka ukingoni."

Aliinywa yote. Ilikuwa ya moto, lakini aliinywa yote, kwa sababu hakuna mahali pa kumimina bakuli alilokujazia baba yako. Akaondoka. Maneno aliyoyapanga hakuyasema hata moja.

Tangu aliporudi, Medet hajavaa kalpak. Anazishona, anazipiga pasi, anazipeleka sokoni, lakini mwenyewe anatembea na kofia ya kitambaa yenye nembo ya duka la matairi. Tilek amekasirishwa na hilo.

"Umejihukumu mwenyewe, umejifunga mwenyewe," anamwambia wakiwa mezani sasa, mkate na siagi katikati yao. "Ni kikaragosi! Ni sufu na waya!"

"Na kalpak ni nini? Sufu na uzi."

"Aa, umeanza."

"Nakuuliza. Kama ni sufu tu, kwa nini wanainunua elfu mbili? Nimewauzia heshima miaka yote, halafu mimi ndiye wa kusema ni sufu tu?"

Tilek anatafuna. "Haya. Lakini ile picha usiifute. Waandaaji wamekupa nafasi kwa sababu ya ile. Nilizunguka mbele yako gerejini kama mwendawazimu ili uione shingo inavyokaa. Shingo yangu mpaka leo inalia ndii."

"Nimeshaifuta."

Tilek anaacha kutafuna. Hata Sonun anageuka. Inaonekana hakuna aliyekuwa anajua.

"Lini?"

"Jumapili. Zote. Na kofia nimeifumua."

"Kazi ya baridi nzima?"

"Nzima."

Tilek anamwangalia mwandishi kana kwamba mwandishi angeweza kufanya lolote. Kisha anamwangalia Sonun. "Shemeji, mumeo mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe uliyekula siagi yote," Sonun anasema, lakini sauti yake imeshuka.

Kinachosimama mezani asubuhi ya leo, basi, ni kikaragosi kile kile kikiwa kichwa wazi. Tangu arudi kutoka At-Bashy, kabla hata ya kuzifuta picha za zamani, Medet amekuwa akiipiga upya sehemu hii, na amebuni njia nyingine ya kukishika. Kinaning'inia kwa uzi kutoka juu, uliofungwa kwenye kifundo cha mguu, na kichwa kinagusa sakafu tu. Uzi unaonekana. Mwanga wa asubuhi ukiupiga unang'aa kama utando. Waandaaji walipoambiwa walimshauri aufute kwa kompyuta. Amekataa.

"Uonekane," anasema. "Nimeficha vya kutosha."

Kabla ya kuzunguka, kijana wa sufu sasa anavua kalpak. Ni ndogo, mpya, haijatobolewa. Hapo Medet alikwama tena, kwa sababu ukumbini hapakuwa na meza wala kigingi, na kila alipotazama kulikuwa na sakafu. Wiki mbili kikaragosi kilisimama na kofia mkononi, kikigeuza kichwa huku na huku. Tilek alipendekeza aiweke mguuni, kwa kuwa miguu ndiyo itakayokuwa juu.

"Nilimrushia mwiko," Sonun anasema. "Ukampata."

"Ulinipata sikioni," Tilek anathibitisha.

Mwishowe Medet alikata ukuta wa mbao, akagongomea msumari, na kikaragosi kinatundika kofia hapo. Kukitembeza mpaka ukutani na kukirudisha kumekula mwezi mzima. Kwenye filamu ni muda wa mtu kuvuta pumzi mara chache. Tilek anasema inachosha, watu watasinzia, hakuna anayelipa kiingilio kumtazama mtu anatundika kofia. Medet habishani. Anasema huenda ni kweli.

Mwandishi alimuuliza kama anatumaini baba ataiona filamu hii mpya na kuridhika.

"Simpelekei," anajibu haraka. "Nikimpelekea nitakuwa namwambia, tazama, nimetengeneza, sasa rudi. Hiyo ni biashara. Tena atalazimika kuangalia simu nyingine mbele za watu."

Zuura, dada yake, alipiga simu wiki iliyopita. Mumewe bado yuko kwenye kazi za ujenzi Urusi na hatarudi mpaka majira ya baridi. Nyasi za shamba lao zimefika kifuani, na hakuna mwanamume wa kuzikata isipokuwa mzee, ambaye nyonga yake ni mbovu. Mzee amesema atakata mwenyewe. Ameshaanza kunoa fyekeo.

Kukata nyasi kunaanza wiki ya pili ya mwezi wa saba. Jioni ya filamu ni wiki hiyohiyo.

"Utakwenda wapi sasa?" Tilek anauliza, ingawa jibu ameshaliona usoni mwa mwenzake.

"Wewe utaniwakilisha. Watakuuliza maswali, utajibu."

"Mimi nijibu nini? Mimi dereva!"

"Waambie ulikuwa unazunguka vizuri."

Tilek anavua miwani yake ya jua, anaifuta kwa shati, anaivaa tena. "Miaka miwili," anasema. "Miaka miwili unatambaa kwenye hii sakafu, halafu siku ya kuonyeshwa unakwenda kukata nyasi za kondoo."

"Ndiyo."

"Na mzee akikuona shambani akasema, ondoka?"

Medet ameshapiga magoti. Anakigusa kikaragosi bega, anarudi nyuma, anabonyeza simu. Anasubiri uzi uache kutikisika ndipo ajibu.

"Atakuwa na fyekeo mkononi, na fyekeo ni moja. Sitamnyang'anya. Nitapita nyuma yake nikusanye anachokata. Akisema niondoke, nitasogea hatua chache, nitaendelea kukusanya. Shamba ni refu. Atachoka kabla sijachoka mimi, na akichoka atahitaji mtu wa kumpa fyekeo."

"Asipokupa?"

"Basi mwaka ujao nyasi zitaota tena," Medet anasema, na anainama kukisogeza kikaragosi.